Karakana ya Nyuma ya Nyumba na Uhai wa Watu wa Visiwani

Mtu atokaye Bukoba kwenda Muleba kwa barabara kuu, akiisha kuipita Kemondo na bandari yake, hufika Izigo bila ya kujua kwamba amefika. Ni migomba na mibuni iliyoshikana, nyumba zilizojificha ndani ya vibanja, watoto wa shule kando ya lami, na ziwa likichungulia mara mojamoja upande wa kushoto pale miti inapoachana. Hakuna kibao kinachomwarifu msafiri kwamba nyuma ya nyumba mojawapo, chini ya banda la bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa jiko, pana karakana ambayo wavuvi wa visiwa vya Muleba wanaijua kuliko wanavyoijua ofisi yoyote ya wilaya.

Mwenye karakana aliniomba nisilitaje jina lake. "Ndugu Katibu," aliniambia, "ukiliandika jina langu gazetini, kesho atakuja mtu wa kuniuliza leseni, na kesho kutwa atakuja ndugu wa kunikopa." Basi na tumwite Fundi, jina ambalo hata mkewe humwita.

Ndani ya banda hilo mna jiriwa moja lililokazwa kwenye gogo la mti, tupa zilizopangwa kwa ukubwa, spana ambazo nyingine amezitengeneza mwenyewe, keekee ya mkono, mashine ya kuchomelea aliyoisuka kwa nyaya za shaba kutoka katika mota iliyoungua, na fuawe ambalo ni kipande cha reli. Namna kipande cha reli kilivyofika Izigo, pahali ambapo gari moshi halijapata kupita tangu dunia iumbwe, ni swali nililoliuliza nikajibiwa kwa kicheko. Nje limesimama pipa lililokatwa nusu, limejaa maji. Humo ndimo mashine za boti zinamojaribiwa kabla ya kurudi ziwani.

Nimekuwa nikienda pale kwa miaka mingi, mara nyingine kwa shughuli za Chama, mara nyingi zaidi kwa kuwa napenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake. Mimi sikusomea ufundi. Nilisoma chuoni kwa Mwalimu aliyetufundisha kwa ubao na fimbo, kisha nikasoma shule za Serikali, na hakuna hata pahali pamoja niliposhikishwa spana. Lakini jambo moja la chuoni nililikuta tena katika banda hili. Mwalimu wetu alikuwa akitusikiliza watoto ishirini tukisoma kwa pamoja, kila mmoja sura yake, naye macho ameyafumba. Mmoja akikosea irabu moja, alimtaja kwa jina bila ya kufumbua macho. Fundi huisikiliza mashine vivyo hivyo. Huinamisha kichwa, hukunja uso, kisha husema, "Hii vali haikai," au, "Hii inavuta hewa pahali," na aghalabu huwa kweli.

Sasa msomaji wa nchi kavu huenda akauliza: karakana za namna hii ziko kila mahali, ya Izigo ina nini hata iandikwe? Jibu liko majini. Wilaya ya Muleba ni wilaya mbili katika moja. Iko Muleba ya migomba, na iko Muleba ya visiwa: Bumbiire, Goziba, Ikuza, Kerebe, Mazinga na vinginevyo vidogo. Huko kila kitu hupita juu ya maji: unga, sabuni, bati za shule, mama mjamzito, sanduku la kura, na samaki wanaotulisha sisi sote. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Pikipiki ikizimika njiani, dereva huiegemeza kwenye mti akaenda kunywa chai. Mashine ya boti ikizimika mbali na kisiwa, upepo ukaanza kuvuma, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Masika yaliyopita nilikuwapo walipofika wanaume wawili kutoka kisiwa kimojawapo. Walikuwa wameileta kwa pikipiki mashine ya nguvu za farasi 40, imefungwa katika magunia kama mgonjwa aliyefunikwa shuka. Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mwenye chombo. Wa pili alikuwa kijana wake wa kazi. "Waitu Fundi," akasema yule mkubwa baada ya salamu, "mashine ilizama."

Habari ilikuwa hivi. Usiku mmoja, wakiwa watatu, walikuwa wakirudi kisiwani kutoka kuvua. Mashine ikazimika ghafla, bila ya dalili. Mtumbwi ulipokosa nguvu ya kuuongoza ukageuka ubavu kwa mawimbi, ukajaa maji, ukapinduka. Watu watatu waliushikilia mgongo wa mtumbwi mpaka alfajiri, hadi wavuvi wa dagaa walipowaona wakawaokota. Mashine ilikuwa imefungwa kwa mnyororo kwenye tezi, kwa hiyo haikupotea. Iliibuliwa pamoja na chombo asubuhi ile ile. Wakaiweka juu ya mawe juani ili ikauke. Ilikaa juani siku sita, wakingoja chombo cha kuwavusha.

Fundi alipolisikia neno "sita" alikaa chini. "Mngeiacha majini," akasema.

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha, na kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaishi visiwani, naomba niyaeleze maneno yake kwa kituo. Kutu haiumbwi na maji peke yake. Inahitaji maji pamoja na hewa. Mashine iliyozama ziwani, ambako maji si ya chumvi, hupata madhara madogo muda wote iwapo chini. Uharibifu huanza kasi pale inapotolewa. Chuma kilicholoa kikikutana na upepo na joto, katika muda wa saa chache tu beringi za ndani na kuta za silinda huanza kubadilika rangi. Kwa hiyo mtu aliyeiibua mashine yake, iwapo fundi yu karibu, aisuuze kwa maji safi, afungue plagi, aiinamishe mdomo wa silinda chini, avute kamba polepole mpaka maji yote yatoke, kisha amimine oili ndani ya silinda na kuivuta tena ili oili ienee kila pembe. Ikiwa haizunguki asilazimishe, maana huenda mchanga umeingia, na nguvu zake mwenyewe zitaikunja fimbo ya pistoni. Ikiwa fundi yu mbali na oili haipo, basi na airudishe mashine ndani ya pipa la maji safi, aisafirishe hivyo hivyo. Ataonekana mwendawazimu njiani.

Wala jambo hili si uzushi wa Izigo. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ililetwa Kigoma vipande vipande, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isitekwe na adui. Lakini mafundi wao, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaona mitambo ingali na uhai, na mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina tunalolijua. Abiria wa Kigoma wa vizazi kadha wamesafiri kwa hisani ya watu wawili au watatu waliokuwa na haraka ya kukimbia, lakini hawakukimbia kabla ya kupaka grisi.

Turudi kwenye gunia. Fundi aliifungua mashine ile mbele yetu sote. Kutu ilikuwapo, madoadoa mekundu kwenye beringi, kama alivyotarajia. Lakini alipoitoa pistoni alinyamaza, akaisogeza silinda kwenye mwanga, akanionyesha. Ukutani mwa silinda mlikuwa na michirizi mirefu ya wima, kama mtu aliyeparuza ukuta kwa msumari kutoka juu hadi chini, na pembeni mwa pistoni alumini ilikuwa imepakika kama siagi. "Hii si kazi ya maji," akasema. "Kutu hula kwa madoa. Hii ilikwisha kufa kabla ya kuzama."

Mashine za aina hii hazina bakuli la oili kama gari. Oili yake yote huingia pamoja na petroli. Hutembea na moto, hulainisha, kisha huungua na kutoka. Mashine nyingi za namna hiyo hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Oili ikipungua, pistoni hupata joto, huvimba, hushikana na ukuta wake, na mashine husimama ghafla. Fundi hakumshutumu mtu. Alimtazama kijana akamwuliza, "Mwanangu, ni nani achanganyaye?" Kijana akamtazama mwenye chombo. Mwenye chombo akatazama migomba. Baada ya muda akasema kwamba oili imepanda bei, na kwamba alikuwa akitia nusu ya kipimo tangu mwaka mpya, na mashine ilikuwa ikienda vizuri tu.

Ilikuwa ikienda vizuri tu hadi usiku ule. Basi chanzo cha watu watatu kukesha juu ya mgongo wa mtumbwi hakikuwa upepo, wala hakikuwa majaaliwa, bali mililita 200 za oili katika kila dumu. Natamani kila mwenye chombo anayesoma hapa alifikirie jambo hilo kabla ya kuniambia kwamba maisha ni magumu. Najua kwamba ni magumu. Lakini kijana yule si mwenye mashine, wala si yeye aliyeokoa fedha ile. Yeye alikuwa tu ndani ya mtumbwi.

Kuifufua mashine ile kulihitaji beringi mpya, ringi, pistoni iliyozidi kidogo ukubwa wa ile ya kwanza, na silinda kutanuliwa kwa kukerezwa ndani ili michirizi iondoke. Mengine yote Fundi aliyafanya bandani. Kukereza silinda hakuweza, maana kazi hiyo haifanyiki kwa tupa. Inataka mashine inayokata kwa kipimo kidogo kuliko unene wa karatasi, na mashine hiyo Izigo haipo. Silinda ikapelekwa mjini, ikakaa siku kumi na moja kwenye foleni ya karakana moja, na ikarudi. Siku kumi na moja ni mshahara wa watu watatu, na karo, na deni la nyavu. Nitalirudia jambo hili.

Yako mengine, hata hivyo, ambayo mtu wa mjini hawezi kumfundisha Fundi. Katika kona ya kibanja chake amejenga tanuri dogo la udongo, linalovuviwa na feni ya jenereta bovu, nalo linatumia mkaa. Humo huyeyusha pistoni kuukuu na mabakuli ya alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa unaopulizwa vizuri huufikia bila ya taabu. Kisha humimina katika kalibu ya mchanga uliochanganywa na udongo, akapata kifuniko, kishikio, au rafadha ya mashine ndogo. Nilimwona akiipima rafadha kwa kuining'iniza katikati kwenye msumari na kuutazama upande unaoshuka, akaupunguza kwa tupa, akaining'iniza tena. Ilimchukua alasiri nzima.

Kwa mtu wa Kagera, habari ya tanuri kando ya migomba si ngeni hata kidogo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifukua mabaki ya tanuri za chuma katika nchi ya Buhaya, Katuruka na hata Kemondo hapa jirani. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu zao wenyewe wakayeyusha chuma mbele yake, shimo la tanuri wakilijaza majani ya kinamasi yaliyounguzwa. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walizichapisha habari hizo katika jarida la Science, wakieleza kwamba ufukoni kwetu watu walikuwa wakifanya feleji yenye kaboni miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na kwamba siri yao ilikuwa kuiingiza mirija ya udongo ya mivukuto ndani sana ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Wataalamu wengine wamebishana juu ya hilo la hewa, na wabishane. Chuma chenyewe kilikuwapo, na makaa yake yamelala chini ya mashamba yetu. Kazi hiyo ya abahesi ilizimwa na chuma cha bei nafuu kilicholetwa na wageni. Haikuzimwa kwa sababu watu wetu walisahau akili zao.

Fundi hakusoma jarida hilo. Nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: ile mirija waliifinyanga kwa udongo wa wapi?

Ndugu wasomaji mtaniwia radhi nikisimama kidogo kwenye kitu kilichoko katikati ya banda, kwa kuwa kinanihusu. Ni mashine ya Lister, ile ya silinda moja iliyosimama wima, yenye magurudumu mawili mazito kila upande, ya namna iliyoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na ambayo hata Wahindi wa Rajkot waliiga na kuitengeneza kwa wingi. Huzunguka polepole, mara 600 au 650 kwa dakika, na mlio wake ulikuwa saa ya vijiji vingi vya Afrika ya Mashariki: ukiusikia, ujue unga unasagwa. Hii iliyoko Izigo ilikuwa mashine ya kusaga ya kijiji nilichokulia.

Niliiona ikifa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nasi tuliozaliwa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 tulikuwa tukiimba kujitegemea kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Siku moja mashine ikasimama. Ilisemekana kwamba iliharibika gasketi ya kichwa, kitu ambacho ni bamba jembamba la shaba. Kijiji kikaandika barua. Ofisi iliyopokea barua ikajibu kwamba jambo linashughulikiwa. Ikaandikwa nyingine. Mama zetu wakarudi kwenye kinu na jiwe, na baba yangu, aliyekuwa mjumbe wa kamati, akawa anazitunza barua zile katika mfuko wa ngozi pamoja na msahafu wake. Mvua ikaingia ndani ya nyumba ya mashine, paa likaibwa, nyasi zikaota kwenye magurudumu. Hakuna aliyefikiri kumwita mhunzi, kwa kuwa mashine ilikuwa mali ya umma, na mali ya umma haiguswi bila ya kibali. Nasema haya nikiwa mtu wa Chama, na sioni haya kuyasema: tulikuwa na neno la kujitegemea mdomoni, lakini hatukumwamini mtu aliyekuwa na nyundo mkononi.

Fundi aliinunua kama vyuma chakavu. Anaifufua miaka minne sasa, jioni na siku za mapumziko, bila ya kulipwa na mtu. Vali amezisaga upya, pampu ya mafuta ameifungua mara tatu, gasketi ameikata mwenyewe kwa mkasi kutoka katika bamba la shaba, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili ilainike. Ilimchukua nusu saa. Nilikuwapo, na nilitoka nje.

Isije ikafikiriwa kwamba nawasifu mafundi wote wa nyuma ya nyumba. Wako ambao ni hatari kuliko mawimbi. Katika mashine ndogo za boti mna pini laini inayoishika rafadha. Imewekwa makusudi iwe dhaifu, ili rafadha ikigonga jiwe pini ikatike na gia zipone. Wako mafundi wanaoitoa pini hiyo wakatia msumari wa chuma, wakamwambia mteja kwamba sasa haitakatika kamwe. Kweli haikatiki, hukatika gia, na hukatika palepale kwenye miamba. Wako wengine wanaohamisha kifaa kizima kutoka mashine ya Bwana fulani kwenda mashine ya Bwana mwingine, na wote wawili wanalipishwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, kwa hasira kubwa, maana aibu ya hao humwangukia yeye.

Hapo ndipo napenda kuzungumza na ninyi mlioko katika ofisi. Afisa mmoja, nilipomtajia karakana hii, alinijibu kwamba watu hawa hawana vyeti, hawana leseni, na wanamwaga oili chafu ardhini. La tatu lilinifanya nirudi kuchunguza. Fundi hukusanya oili yake katika pipa, akawauzia wajenzi wanaopaka nguzo zisiliwe na mchwa. Lakini si kila karakana inafanya hivyo, na afisa alikuwa na haki ya kuuliza. Kuhusu cheti, jawabu lipo tayari. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake, na sisi Kagera tuna chuo cha mkoa kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2022. Fundi ana vijana wawili wanaojifunza kwake. Mmoja aliacha shule darasa la saba, na anaweza kuifungua kabureta gizani. Waitwe wapimwe, au, kwa kuwa nauli nayo ni kikwazo, wapimaji waje Izigo siku moja wawapime na wengine wa kata jirani. Atakayeshindwa ashindwe kwa haki, na mvuvi ajue ni nani mwenye cheti na ni nani wa msumari.

Lakini kubwa ni ile mashine ya kukereza silinda. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ofisi yake ipo Bukoba. Sisemi Fundi apewe mashine bure. Vitu vya bure tumeviona mwisho wake. Nasema iwekwe moja Kemondo au Muleba mjini, ikodishwe kwa saa, kila fundi aje na silinda yake na fedha yake, arudi jioni ile ile. Wakaguzi wa TASAC wanapokagua vyombo vidogo na majaketi ya kuokolea, nao wakamwuliza mwenye chombo swali moja la ziada, ni lini mashine ilifunguliwa na ni nani aliyeifungua, basi mwaka mmoja hautapita bila ya watu kuanza kutunza karatasi.

Wala mtu asiseme kwamba kufufua vitu vikuukuu ni kazi ya watu maskini isiyostahili heshima ya Serikali. Serikali yenyewe imefanya hivyo mbele ya macho yetu. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi katika ziwa hili mwaka 1961, ilitiwa mitambo mipya, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la MV New Victoria Hapa Kazi Tu, ikaanza tena kufika Kemondo na Bukoba. Tuliishangilia, nasi tulikuwa na sababu: watu wa mkoa huu hatujaisahau tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na watu zaidi ya 800. Nilikuwa kijana, katika mtaa wetu palikuwa na matanga katika nyumba tatu. Lakini mtu wa Ikuza haendi kutega nyavu zake kwa meli kubwa. Anakwenda kwa mtumbwi na mashine moja iliyofungwa kwenye tezi. Tena tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa na watu 43 ilipoangukia ziwani Bukoba, wavuvi kwa mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki. Sijui kama kuna aliyeuliza siku ile mashine za mitumbwi hiyo zilitengenezwa na nani.

Ile mashine ya farasi 40 ilimalizika siku ya Ijumaa baada ya sala. Ilitiwa katika pipa, kijana wa mwaloni akavuta kamba mara mbili, ya tatu ikawaka. Fundi hakuutazama moshi. Alikuwa akiutazama uzi mwembamba wa maji unaotoka pembeni mwa mashine, ule unaoonyesha kwamba pampu ya maji inafanya kazi. Akawaambia kila safari wautazame, na ukikatika wazime mashine papo hapo, maana mchanga wa ufukoni huusaga mpira wa pampu. Kisha akachukua kopo la maziwa, akalikata kwa mkasi, akapima kwa chupa ya dawa, akachora mstari kwa ncha ya tupa. "Mpaka hapa," akamwambia kijana, si mwenye chombo, "kwa kila dumu la lita ishirini. Usipungukiwe hata ukiambiwa."

Siku chache baadaye kijana alirudi peke yake. Fundi aliinuka haraka akidhani mashine imerudia. Haikuwa mashine. Wenzake wa mwaloni walikuwa wamekiona kile kipimo, nao wanakitaka. Walikuwa wamemtuma alete vinane. Makopo yaliyokuwapo bandani yalitosha sita.